Chumvi Iliyomwagwa Uani

Katika kila nyumba aliyoingia, Sumitra alipewa chai kwanza, kisha akapewa swali. Watu wa milima ile ni wapole, hawakuambii hapana ukiwa umesimama mlangoni mwao. Wanakuvutia kigoda, wanakumiminia chai iliyojaa sukari, wanakuuliza tangawizi imeitikaje mwaka huu, wanaipokea karatasi yako yenye picha ya cherehani na kuikunja taratibu kana kwamba wataitunza. Ndipo mwanamke mwenye nyumba, akiisha kukushibisha adabu, anapoweka kidole pale panapouma.

"Na mama mkwe wako je? Atakupa?"

Mwanzoni Sumitra alikuwa akicheka na kujibu kwamba kura ni siri ya mtu. Jibu hilo liliwafurahisha sana watu. Siri gani, huko ambako ukipiga chafya kwenye shamba la chini, jirani wa shamba la juu anakuombea afya? Kila mtu kuanzia kijijini kwao Tilor mpaka ng'ambo ya mto alijua kwamba mama mkwe huyo, bibi Kaundi, alikwisha kula yamini ya chumvi kwa Guman Singh, mbunge wa vipindi vitatu, na kwamba yamini ile iliifunga nyumba nzima. Na nyumba hiyo ndiyo iliyomtoa mgombea wa kumpinga Guman Singh. Kichekesho kama hicho hakikuwahi kutokea tangu watu waanze kupiga kura.

Mzee mwenye duka la pale njia panda alimwambia bila ubaya wowote, huku akipima kitunguu saumu, kwamba yeye anampenda Sumitra kama binti yake. "Lakini mwanangu, mtu asiyepata kura ya jikoni kwake, huko bungeni Shimla atatupatia nini?"

Mumewe, Nain Singh, alikuwa amesimama nje na kifurushi cha bendera begani. Alisikia, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Alichokitaka Sumitra hakikuwa kikubwa. Alitaka daktari. Kituo cha afya kilikuwapo pale pale njia panda, kimepakwa rangi, kina vitanda na mlinzi mwenye ufunguo, ila daktari hakikuwa naye. Kila aliyepangiwa kuja alihamishwa kabla hajafungua sanduku lake. Sumitra alikwenda kwa mbunge mara kadhaa kulisemea jambo hilo, akapewa chai huko pia, akarudi na tumbo lililojaa chai. Vyama vilipomkataa akasimama peke yake kuwania kiti katika Bunge la Jimbo, akiwa na cherehani kama alama yake na fedha ya dhamana iliyotokana na mbegu za tangawizi ambazo zingepandwa majira yajayo. Nain alikubali mbegu ziuzwe. Alikubali kwa sababu aliyekufa kwa kukosa daktari alikuwa dada yake.

*

Jioni hiyo walipofika nyumbani, Kaundi alikuwa mbele ya moto akikaanga chapati za mahindi. Rukmi, mke wa shemeji yake Sumitra, alikuwa amekaa karibu naye miguu imenyooshwa, mimba yake ya miezi sita imeshaanza kumchosha. Mume wake alikuwa kazini kiwandani, bondeni, na alikuja nyumbani kwa sikukuu tu. Sumitra alivua viatu, akanawa, akaketi. Alikuwa ameahidi moyoni kwamba hatalizungumzia jambo lile tena. Ahadi yenyewe haikufika hata chapati ya pili.

"Mama, leo wameniuliza tena."

"Watauliza tu. Wana midomo."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ukweli. Mimi sikukukataza kusimama. Simama. Nikiwasha taa ya mungu asubuhi, jina lako ninalitaja. Lakini kura za nyumba hii zilikwisha kutolewa, na anayetoa kitu mara mbili ni mwizi." Aligeuza chapati kwa vidole, bila kuungua, kama alivyozoea. "Hata yako."

Sumitra alidhani hakusikia vizuri. Akauliza: hata yangu mimi?

"Kwani wewe si wa nyumba hii?"

Rukmi aliinamisha uso. Nain akainuka kwenda kutazama ng'ombe ambaye alikuwa amekwisha kutazamwa.

Chumvi yenyewe, ukiitazama, si kitu. Ni maji katika chungu kidogo cha shaba, konzi moja ya chumvi, jina la mungu wa kilima, na maneno yale: nikigeuka, niyeyuke kama hii. Lakini huko milimani wapo watu waliopoteza mashamba kwa kesi ya uongo wakanyamaza, kwa sababu tu babu zao walitia chumvi chunguni na babu wa mshitaki. Tena inasemwa kwamba chumvi haimwadhibu aliyeapa peke yake. Humchagua aliye dhaifu kuliko wote nyumbani. Na katika nyumba ile, aliye dhaifu kuliko wote alikuwa bado hajazaliwa.

Kaundi hakulazimishwa na mtu. Siku ile ya binti yake Bimla, majira ya baridi mawili yaliyopita, Sumitra ndiye aliyekuwa naye njiani, wamepanda juu ya lori la nyanya, kichwa cha wifi yake mapajani mwake na damu ikichuruzika kati ya masanduku. Bimla alipokata roho, dereva alisimamisha lori akawaomba washuke. Alisema kwa upole kabisa kwamba nyanya zikifika sokoni pamoja na maiti hakuna atakayezinunua. Wakashuka. Wakakaa kando ya barabara mpaka lilipotokea gari la Guman Singh. Mbunge alishuka mwenyewe, akavua shali lake la sufu akamfunika Bimla, akawapandisha, akawaleta mpaka uani. Hakuondoka mpaka moto wa mazishi ulipozimika. Ndipo Kaundi aliponyanyuka akaomba chungu. Sumitra akaenda kuteka maji, kwa kuwa kazi ya maji ni ya mkwe. "Nyumba hii ni yako mpaka utakapoacha kusimama," Kaundi alisema, akatia chumvi.

Usiku Nain alimwambia mkewe kwamba yeye atampigia kura, potelea mbali. Alisema hivyo akiwa amelala chali. Kisha akageukia ukuta akaongeza, "Ila mke wangu, mtoto wa Rukmi akipatwa na neno lolote, hata mafua, kijiji kizima kitasema ni sisi."

Sumitra naye alikuwa akilifikiria tumbo lile lile, na alijichukia kwa kulifikiria, maana alikuwa amesoma mpaka darasa la kumi na mbili na alijua chumvi ni chumvi.

*

Alikwenda kwa Guman Singh peke yake. Wazo lilimjia kwenye kisima na halikumwacha tena: aliyefungiwa chumvi anaweza kuifungua. Akiifungua, mama yuko huru, na mama akiwa huru Tilor nzima iko huru, kwa sababu nusu ya wanawake wa Tilor walizalishwa na mikono ya Kaundi na hawapiki hata dengu bila kumtazama usoni. Lililobaki lilikuwa kumwomba, na kuomba si kazi ngumu kwa aliyezoea.

Nyumba ya mbunge ilikuwa juu ya shamba la matofaa. Barazani palikuwa na watu wanaosubiri: mwenye kesi, mwenye mtoto anayetaka kazi ya ulinzi, mwenye bomba lililopasuka. Kijana wa pale mlangoni alimtambua, akacheka chini chini, akamwonyesha pa kukaa. Palikuwa kwenye ngazi, panapovuliwa viatu. Sumitra akakaa. Watu waliotoka walikuwa wakivaa viatu vyao mbele ya magoti yake na kumwomba radhi. Mmoja alimuuliza kama na yeye amekuja kuomba cherehani.

Alipoitwa, Guman Singh aliinuka kumpokea. Ndivyo alivyokuwa, hakuwahi kukaa mbele ya mwanamke aliyesimama. Alikuwa mtu mnene wa miaka sitini, mwenye sauti ndogo, na kila aliyeongea naye alijikuta akisogea karibu ili asikie.

"Binti wa Tilor. Naona mabango yako. Mazuri kuliko yangu."

Sumitra alisema alichokuja kusema. Hakukizungusha. Alisema hakuja kuomba kura wala msaada, amekuja kuomba mama mkwe wake afunguliwe, kwa kuwa si haki mwanamke mzee achanwe katikati ya mungu na mkwe. Alisema kwamba kama Mheshimiwa ana uhakika wa kushinda, na kila mtu anasema anao, basi kura ya bibi mmoja haitamtia umaskini.

Alikuwa amejiandaa kukataliwa. Alikuwa hata na maneno ya kumjibu akikataa, maneno makali, aliyoyanoa njia nzima. Guman Singh alizungusha pete kidoleni, kisha akasema kwamba amefanya vizuri kuja. Akasema yeye mwenyewe hulala vibaya akifikiri kwamba nyumba ya watu imegawanyika kwa ajili yake.

"Nitakuja Jumapili. Chumvi niliipokea uani kwenu, nitaifungua uani kwenu, mbele ya watu, ili asiwepo wa kusema bibi amegeuka. Utaridhika?"

Sumitra akabaki na maneno makali yasiyo na kazi. Akaunganisha viganja, akashukuru. Njia yote ya kurudi alishuka mbio mbio kama msichana.

*

Jumapili watu walijaa uani mpaka juu ya ukuta. Msemaji wa mungu wa kilima aliletwa na ngoma yake moja. Guman Singh alikuja kwa miguu kutoka barabarani, bila wapambe wake, akiwa na mtu mmoja tu wa kumshika mkono kwenye mteremko. Alipofika aliinama akagusa miguu ya Kaundi, na Kaundi akashtuka akamshika mabega amwinue.

Chungu cha shaba kikatolewa. Msemaji wa mungu akanong'ona yake, akatikisika kidogo, akasema mungu amesikia. Guman Singh akakishika chungu kwa mikono miwili.

"Mama," alisema, na ule uwanja wote ukasogea mbele ili umsikie, "mkweo alikuja kwangu. Alikaa ngazini, kwenye viatu vya watu, akisubiri kuniomba nikufungue. Niliona aibu. Mimi ni nani nimfunge mama wa watu? Sikukuletea binti yako nyumbani ili nilipwe. Ningemleta hata kama ungekuwa adui yangu." Akamwaga maji juu ya mawe ya ua, polepole, mpaka tone la mwisho. "Mpe mtoto wako kura. Kiti kinakuja na kuondoka. Nyumba ikivunjika haijengeki."

Wanawake walikuwa wakifuta macho kwa ncha za mitandio. Kaundi alikuwa ameyakazia macho maji yaliyokuwa yakitafuta njia katikati ya mawe. Guman Singh akamgeukia Sumitra akamuuliza, kwa sauti ile ile ndogo, kama sasa moyo wake umetulia.

Angejibu nini? Mbele ya watu wote wa Tilor aliunganisha viganja tena, akainama, akasema anamshukuru Mheshimiwa kwa wema wake. Alisema kwa sauti kubwa kwa sababu alikuwa na furaha.

Yule mzee wa duka ndiye aliyetangulia. Alijisukuma mbele akasema kwamba ameishi miaka mingi na hajaona mtu anayerudisha kilicho chake, na kwamba mtu wa namna hiyo asipopewa chumvi, chumvi ina kazi gani? Guman Singh akakataa. Akasema hapana, hakuja kwa ajili hiyo, wasimwaibishe mbele ya mgombea mwenzake. Kadiri alivyokataa ndivyo watu walivyozidi kumsogelea. Mtu akateka maji. Mwingine akauliza chumvi iko wapi, na macho yakaenda jikoni, na kutoka jikoni yakaenda kwa mkwe wa nyumba.

Sumitra aliingia ndani akachukua mkebe wa chumvi. Mgeni akiomba chumvi uani kwako humnyimi, hata kama ni ya kukuzikia. Aliutoa, akauweka kando ya chungu, akarudi kuwasha moto wa chai, maana watu wote wale walikuwa wageni wake na hakuna aliyekunywa kitu. Alipokuwa akiponda tangawizi alisikia majina ya waume na wana yakitajwa mmoja mmoja, na ngoma ikipigwa mara moja kila baada ya jina.

Jioni, ua ulipofagiliwa, alijituliza. Alimwambia Nain kwamba walioapa ni wazee, na wazee walikuwa wa Guman Singh tangu zamani. Vijana hawakuapa. Wanawake wengi hawakuapa. Na jambo kubwa ni kwamba mama yuko huru. Nain akasema ndiyo, mama yuko huru, hilo ni jambo kubwa. Kaundi alikuwa amekaa kizingitini akisikiliza na kuchambua dengu.

*

Siku ya kupiga kura wote wanne walishuka shuleni pamoja, Rukmi akishikwa mkono. Kaundi alikuwa amevaa nguo zake za sikukuu. Kwenye foleni watu waliwapisha, wakasema inapendeza kuona nyumba moja.

Kura zilihesabiwa mjini, majuma kadhaa baadaye. Nain alikwenda, akarudi na basi la mwisho. Guman Singh alishinda kama kawaida yake, na dhamana ya Sumitra ikaliwa na serikali kwa kuwa hakufikisha kura za kuirudisha. Hayo Sumitra aliyatarajia, au alijiambia hivyo. Alichouliza ni mashine ya kura ya shule ya Tilor ilitoa ngapi.

Nain akanyoosha mikono yake kwenye moto. "Saba," alisema.

Kijiji kizima. Sumitra alizihesabu kwa nyuso: yake, ya Nain, walimu wawili wa shule, yule mjane aliyemsaidia kubandika mabango, binti zake wawili. Nafasi ikaisha. Rukmi, upande wa pili wa moto, alikuwa akilia bila sauti, na hakuna aliyemuuliza analia nini.

Sumitra hakutaka kuuliza. Alikaa nalo siku mbili. Siku ya tatu walikuwa wawili tu shambani, yeye na Kaundi, wakifunika vitunguu saumu kwa majani makavu kabla theluji haijaanguka, akashindwa kujizuia.

"Mama, alikufungua mbele ya watu wote."

"Alinifungua." Kaundi hakuacha kazi. "Ndiyo maana."

Akaendelea kutandaza majani mpaka mwisho wa tuta, kisha akanyoosha mgongo.

"Wewe ulifikiri mimi nilikuwa nimelala. Mwanangu, mbuzi yule mweusi nilimtenga tangu ulipokwenda kuandikisha jina. Ningekupa kura, kisha ningepanda kilimani na mbuzi wangu, nikamwambia mungu nimevunja, nipige mimi, mwache aliye tumboni. Chumvi ina mbuzi wake. Kila mtu anajua, ila hatusemi. Lakini wewe ukaenda kumwomba. Ukakaa kwenye viatu vya watu kwa ajili yangu. Na yeye akakubali, akaja kwa miguu yake, akanishika miguu. Sasa hapo nimpe mungu gani mbuzi? Fadhila haina mbuzi."

"Angekuwapo daktari," Sumitra alisema, na sauti yake ikapanda zaidi ya alivyokusudia, "Bimla angerudi nyumbani anatembea. Huyo unayemshukuru ndiye aliyemuua."

Kaundi hakukasirika. Labda angekasirika ingekuwa nafuu.

"Labda. Mimi daktari sijapata kumwona, sijui anafananaje. Gari nililiona. Wewe ulilia naye njiani, na mimi sitakusahau kwa hilo. Yeye alinirudishia mtoto wangu nikamwosha kwa mikono yangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, hata akiwa ndiye aliyeileta dhiki." Akainama tena. "Shika upande ule, upepo unapeperusha."

Sumitra akashika upande ule. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo alifanya kila kazi ya mkwe, maji, kuni, moto, na hakumtazama mama mkwe wake machoni. Alikuwa na uchungu wa namna ambayo huwezi kumwambia mtu, kwa sababu aliyeufunga mlango ni yeye mwenyewe, tena alikuwa akidhani anaufungua.

*

Uchungu wa Rukmi ulianza asubuhi ya theluji, kabla ya wakati wake. Kaundi alimpapasa tumbo kwa muda mrefu. Alipotoa mikono aliifuta kwenye nguo mara mbili, na Sumitra, aliyemjua vizuri, akaelewa. Mtoto alikuwa amelala kinyume.

Nain alikimbia njia panda kuona kama kuna lolote kituoni. Alimkuta mlinzi anaota moto mlangoni na ufunguo wake shingoni. Mlinzi alimpa pole. Gari la wagonjwa, walipolipigia, lilikuwa ng'ambo ya bonde, na barabara ya huko ilikuwa imefunikwa na maporomoko. Malori ya mboga hayakupanda siku ile. Nain alirudi, akasimama mlangoni akihema, akamtazama mkewe. Kaundi naye akamtazama. Rukmi alikuwa ameuma kitambaa na hamtazami mtu.

Hakuna aliyesema jina. Laiti angelisema mtu, Sumitra angeweza kukataa, au kukasirika, au kusema hapana mwachieni mungu. Walimwachia yeye. Simu ilikuwa mfukoni mwake.

Alipanda juu ya paa mahali panaposhika mtandao, theluji ikamfika vifundoni, akapiga. Alikuwa amejiandaa kwa kijana wa mlangoni, kwa kucheka, kwa kuambiwa subiri. Guman Singh alipokea mwenyewe.

"Mheshimiwa, ni mimi Sumitra wa Tilor. Mke wa shemeji yangu..."

"Gari lina minyororo ya theluji," alisema. "Linatoka sasa hivi. Mvike nguo nzito, msimbebe kwa ngazi, mtelezeshe kwa blanketi." Hakusema neno lingine. Sumitra alibaki na simu sikioni akingojea kejeli, na kejeli haikuja.

Gari lilikuwa bado limebandikwa picha ya mbunge mlangoni, imechanika upande mmoja. Walimlaza Rukmi kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa Sumitra. Njia ile aliijua kwa kila kona. Walipopita kituoni mlinzi aliinuka akawapungia mkono. Walipopita pale lori la nyanya lilipowashusha, Rukmi alipiga ukelele, na Sumitra akamshika kwa nguvu, akaanza kumwomba mungu wa kilima, kisha bila kujua akawa anamwomba dereva, taratibu, haraka, taratibu, ndugu yangu, haraka.

Hospitali ya mjini ilikuwa imeshapigiwa simu. Machela ilikuwa mlangoni. Walimpasua Rukmi mchana huo, wakamtoa mtoto wa kike, amevilia kidogo usoni, analia. Daktari aliyetoka kuwaambia alikuwa msichana mdogo aliyevaa sweta juu ya koti lake, na alisema saa moja zaidi wasingepata hata mmoja.

Sumitra alitoka nje akaketi kwenye ukuta wa bustani. Simu ikalia.

"Vipi?" sauti ndogo ile ikauliza.

"Wazima, Mheshimiwa. Wote wawili. Ni msichana."

"Afadhali. Mungu ni mkubwa. Dereva atabaki huko mpaka watakapotolewa, msihangaike na usafiri."

Alikuwa anataka kukata, na watu wengine walisikika nyuma yake wakingoja zamu zao. Hapo ndipo palipokuwa pa kumuuliza. Maneno yote alikuwa nayo, aliyabeba mlango kwa mlango mpaka yakalainika kama sarafu: daktari yuko wapi, kwa nini kila anayekuja anahamishwa, kwa nini maisha ya wanawake wa bonde zima yategemee gari la mtu mmoja na moyo wake siku hiyo. Sasa alikuwa naye sikioni, hakuna umati, hakuna ngoma, na hakuwa akimwogopa hata kidogo.

Ndani, mtoto akalia tena.

"Asante, Mheshimiwa," Sumitra alisema. "Nyumba yetu haitakusahau."

Aliyasema kwa moyo wake wote, na hakuna mtu aliyemlazimisha.